Maswali yenu: Tembo kala mahindi, dalali kabisha hodi, na hifadhi ni ya nani?

Toleo lililopita niliomba mtume maswali kuhusu kuishi jirani na hifadhi za taifa huku kwetu ziwani, na meseji zimemiminika kutoka Lamadi, Igombe, Nkome, visiwani, mpaka kuna mtu kanitumia voisi ya dakika kumi na moja akiwa kwenye mtumbwi na upepo ndo unaongea kuliko yeye. Wabeja sana. Siwezi kujibu wote kwenye kurasa hizi, nimechukua matano, majina yenu nimeyaweka pembeni kama mlivyoomba.

*

"Mwangaluka. Mimi nalima upande wa Lamadi kuelekea geti la Ndabaka, nina wajukuu sita nyumbani wananitegemea. Mwaka huu tembo wameingia mara mbili, mara ya pili wamelala na ekari mbili za mahindi yalokuwa yameanza kubeba, usiku mmoja tu. Nikaripoti kwa mwenyekiti, akasema subiri, mpaka leo nasubiri. Kila mkutano tunaambiwa tuitunze hifadhi. Hifadhi yenyewe inanitunza mimi?" – Mkulima, Busega

Mwangaluka nawe baba, shikamoo na pole sana. Swali lako la mwisho ni zito kuliko la tembo ila tuanze na tembo kwanza maana njaa haisubiri mjadala.

Kuna kitu kinaitwa kifuta jasho (cha mazao na mifugo) na kifuta machozi (mtu akiumizwa au kuuawa). Kipo kwenye kanuni za mwaka 2011 zilizotungwa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009, kwa hiyo si hisani ya mtu. Ila angalia neno lenyewe, wanafuta jasho tu, hawalipi fidia, na ndo maana hela yake haiwezi kulingana na gunia ulizopoteza. Kanuni zile zilivyoandikwa, shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halipati hata senti, kadiri unavyokwenda mbali kiwango kinapanda mpaka laki moja kwa ekari kwa aliye zaidi ya kilomita 5, na hawavuki ekari 5 hata kama tembo wamekula ishirini. Yaani anayelala na tembo dirishani ndo hapati kitu. Wenye kanuni wanasema usilime puani mwa hifadhi, sawa, ila kuna watu mashamba yao yalikuwepo kabla bikoni hazijachimbiwa, na hilo mimi nitaendelea kulisema hapa hata wakinichoka. Kiwango cha sasa kaulize mwenyewe ofisi ya wanyamapori ya wilaya, usitegemee ya kuambiwa kwenye kahawa.

Sasa kosa lilikofanyika kwako ni kuishia kwa mwenyekiti. Mwenyekiti ni mlango tu. Asubuhi ileile piga picha shamba, nyayo, na kinyesi kama kipo, picha zioneshe na mti au nyumba inayojulikana ili mtu asije akasema ni shamba la Magu. Mtendaji wa kijiji aandike barua na agonge muhuri, alafu wewe mwenyewe au mwakilishi mpeleke kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya, yeye ndo anakuja kupima na kufanya tathmini, na fomu zikishajazwa zinapanda wizarani. Usivune mabaki kabla hajafika, najua inauma kuyaacha yaoze, ila mkija na shamba lililofyekwa hana cha kupima. Na ubaki na kopi. Mtu asiye na kopi ndo anayeambiwa njoo wiki ijayo.

Kuhusu kuwazuia, tochi na madebe tembo wa huku washazoea, siku hizi wanakuangalia tu. Kinachosaidia ni pilipili. Unachimbia nguzo kuzunguka shamba, unafunga kamba ya katani, unaning'iniza vitambaa vilivyochovywa kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili kichaa iliyotwangwa, ile kali ambayo ukiitwanga bila kufunga pua unalia mwenyewe. Oili inafanya pilipili isioshwe haraka, ila mvua kubwa ikipita lazima uchovye upya, na hapa ndo wengi wanafeli maana wanaweka mara moja wanasahau alafu wanasema haifanyi kazi. Wengine wanachanganya pilipili na kinyesi cha tembo wanafyatua tofali, linakaushwa, jioni linachomwa upande upepo unakotokea, moshi unatambaa shambani. Kuna na mizinga ya nyuki, inatundikwa kila baada ya mita kama 10 na kuunganishwa kwa waya, tembo akigusa waya mizinga inayumba nyuki wanatoka. Tembo anaogopa nyuki kweli, wanamng'ata kwenye mkonga na pembeni ya macho. Na asali unauza. Ila mizinga ni ghali na shamba moja peke yake haliwezi, muwe kikundi cha mashamba yanayopakana, mkiacha shimo kwa jirani mmoja watapita hapohapo.

Kuhusu hifadhi kukutunza. TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) wana idara ya ujirani mwema tangu 1988, na hela zake zimejenga madarasa na zahanati vijiji vingi vinavyopakana na Serengeti. Mradi unatakiwa uibuliwe na kijiji chenyewe kwenye mkutano mkuu, kijiji nacho kichangie sehemu. Kiukweli vijiji vingi vinaomba darasa kwa sababu darasa linapigwa picha. Mngeomba mizinga na nguzo je? Peleka hoja hiyo mkutano ujao baba, na muhtasari uandikwe, usiishie kuwa maneno ya mdomoni.

*

"Mambo vp. Nasoma chuo hapa Mwanza mwaka wa pili. Lekchara alituambia Uingereza kuna hifadhi za taifa ambazo ndani yake kuna vijiji, mashamba, shule, mpaka baa. Sasa kwa nini sisi hifadhi ikianzishwa watu wanahamishwa? Nani katupangia hivi?" – Mwanachuo, Malimbe

Poa mdogo wangu. Lekchara wako yuko sawa kabisa, na swali lako limenifanya nikae nalo kuliko mengine yote ya mwezi huu, kwa hiyo vumilia jibu refu.

Anza na mwaka 1951. Mwaka huo Waingereza walitangaza hifadhi yao ya kwanza, Peak District, kwa sheria waliyoitunga 1949. Mwaka huohuo 1951, utawala wa Waingereza haohao huku Tanganyika ukatangaza Serengeti. Kule kwao wakakuta watu na kondoo wao, wakasema mandhari hii nzuri imetengenezwa na hawa watu, wabaki. Huku Wamasai waliachwa mwanzoni waendelee kuishi, mabishano yakawa mengi, mpaka 1959 Ngorongoro ikakatwa kutoka Serengeti na wao wakahamishiwa huko. Mtawala mmoja, mwaka mmoja, majibu mawili. Nani katupangia, nadhani ushapata sehemu ya jibu. Ila sehemu tu, maana baada ya uhuru tuliendelea wenyewe kwa mtindo uleule, na juzijuzi serikali imeamua watu wa Nyatwali kule Bunda wahame ili Serengeti ifike mpaka ziwani ghuba ya Speke, wanyama wapate maji kiangazi.

Sasa usije ukaandika kwenye asainmenti kwamba wenzetu wana akili sisi hatuna. Kitu cha kwanza kondoo hamkanyagi mtu. Kule mnyama mkubwa wa porini ni paa, huku una nyumbu zaidi ya milioni moja wanahama kila mwaka na simba wanawafuata nyuma, huwezi kuweka kijiji katikati ya ile njia ukategemea wote walale salama. Duniani hizi hifadhi zimewekwa kwenye madaraja tofauti, Serengeti ni daraja la pili, la kulinda mfumo mzima wa asili, zile za Uingereza ni daraja la tano, la kulinda mandhari ambayo mtu na ardhi wametengeneza pamoja. Jina linafanana, kazi ni tofauti.

Kitu cha pili, kuishi ndani ya hifadhi hakujawaokoa watu wa kule na kila kitu. Chukua Lake District, hifadhi yenye milima na maziwa kaskazini mwa Uingereza, UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2017, na sababu kubwa ilikuwa ule ufugaji wa kondoo na kuta za mawe zilizopangwa bila saruji. Wafugaji wa kule wanalisha mlimani kwa pamoja bila uzio. Kondoo jike anamfundisha mwanae mpaka wa malisho yao, naye anamfundisha wake, vizazi na vizazi, wanajua hapa ni kwetu pale ni kwa jirani. Shamba likipata mfugaji mwingine kundi linabaki palepale, maana ukiliondoa ukaleta kondoo wageni watatawanyika milima yote. Sasa fikiria mfugaji wa mwisho akifunga. Hauwezi kununua elimu ile mnadani. Na wanafunga kweli, kwa sababu matajiri wa mjini wamenunua nyumba za vijijini kwa ajili ya wikiendi na likizo, bei imepaa, mtoto aliyezaliwa pale hawezi kununua hata banda, anahama, shule ya kijiji inakosa watoto. Mandhari imehifadhiwa vizuri sana, ila taa za nyumba zinawaka Jumamosi tu.

Walichokifanya, na hiki ndo cha kuiga, sheria yao ya 1995 iliipa mamlaka ya hifadhi wajibu wa kujali uchumi na maisha ya jamii zilizomo ndani yake. Wakati huohuo ikasema yakigongana kabisa uhifadhi na starehe za wageni, uhifadhi ndo unashinda. Ufaransa nao wana Cévennes, hifadhi ya tangu 1970 ambayo mpaka kitovu chake kina wakazi, na wafugaji wanaendelea kupandisha kondoo mlimani kiangazi kwa sababu bila kuchungwa zile nyanda zingekuwa kichaka na ua na wadudu wa pale wangepotea. Yaani kule mfugaji akiondoka hifadhi inaharibika. Wanajua hivo na wanampangia bajeti.

Alafu rudi nyumbani. Sisi tunaongea kama vile mandhari ya watu na ardhi ni kitu cha wazungu, wakati tunayo ya kwetu ambayo haina hata kibao barabarani. Ushawahi kufika Ukara? Panda meli ya Ukerewe pale Mwanza, alafu uvuke. Wakara walibanana kwenye kisiwa kidogo cha mawe miaka mingi kabla ya mkoloni na wakalazimika kutunza udongo kuliko mtu yeyote ukanda huu. Ng'ombe anakaa ndani kwenye shimo lake, analetewa majani, haachiwi kuzurura. Samadi inajaa taratibu chini ya miguu yake, inachotwa kwa vikapu na kubebwa kichwani mpaka shambani. Kwenye uwele wanapanda marejea (mmea wa jamii ya kunde) katikati, uwele ukishavunwa marejea yanabaki yanakua, alafu yanafukiwa yawe mbolea. Miinuko imepangiwa mawe kuzuia udongo usishuke ziwani, na hata mti wa majani ya mifugo una mwenyewe anayejulikana. Wataalamu wa kikoloni walienda wakashangaa wakaandika. Sisi tukienda tunauliza kama kuna samaki.

Na ngitili je? Bibi yako atakuwa anaijua hata kama wewe umezaliwa Igoma. Mvua zikianza eneo linafungwa, ng'ombe haingii, nyasi zinapanda na miti inachipua, alafu kiangazi kikali linafunguliwa kwa awamu. Ukanda wa Shinyanga miti ilifyekwa sana enzi za kupambana na mbung'o na baadaye kupisha pamba, udongo ukabaki uchi. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), na mwanzoni walikuja na miche ya vitaluni, mpaka walipokubali kwamba wazee wana dawa yao tayari. Ngitili zilirudi kwenye hekta zaidi ya laki tatu. Ulinzi wake ulikuwa dagashida (mkutano wa jadi wa kijiji) na sungusungu, faini unalipa mbele ya watu unaowajua, hakuna askari wa bunduki. Kwa maoni yangu hilo ndo somo kubwa la uhifadhi lililowahi kutokea usukumani, na halina geti wala tiketi.

Kwa hiyo ukiniuliza tufanye nini, mimi nasema mambo ya kuhamisha na kutohamisha yataendelea kubishaniwa bungeni, ila kijiji kinachotaka kubaki kijiji kina silaha moja inayoitwa mpango wa matumizi bora ya ardhi, upo kwenye sheria ya 2007. Kijiji kinakaa, kinachora hapa makazi, hapa malisho, hapa ngitili, hapa shoroba tembo wapite, na ikishapitishwa huwezi kukuta mtu kapimiwa kiwanja katikati ya malisho. Vikijiunga vijiji kadhaa vinaweza kutenga eneo likawa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, wenyewe mnaita WMA, kama Ikona kule Serengeti au Makao kule Meatu, mwekezaji anaweka kambi na hela inarudi vijijini. WMA nazo zina matatizo yake, mahesabu hayasomwi, hela inachelewa, viongozi wanajisahau, nikipata nafasi nitaziandikia peke yake. Ila angalau mwenye ardhi anabaki kuwa kijiji.

Asainmenti ukimaliza nitumie nisome.

*

"Habari za kazi. Mimi nauza dagaa na sato, mume wangu na shemeji zangu wavuvi. Mwezi uliopita walikamatwa karibu na Rubondo, wakaambiwa wameingia maji ya hifadhi, nyavu zikachukuliwa. Maji yana mpaka jamani? Alafu mbona watalii wanavua humohumo?" – Mama wa Nkome

Nzuri mama, pole na hasara, nyavu si kitu cha bei ndogo.

Maji yana mpaka, ndiyo. Rubondo ilianza kama pori la akiba 1965, ikawa hifadhi ya taifa 1977, na eneo lake lote ni kama kilomita za mraba 457, karibu nusu ya hizo ni maji. Kwa hiyo hifadhi haiishii mchangani, ina ukanda wa ziwa kuzunguka kisiwa. Na kabla hujaniambia, najua, kisiwa kile kilikuwa na watu wake, wavuvi na wakulima, walihamishwa miaka ya sitini, wajukuu zao wapo huko pwani ya Geita na Chato. Wakati huohuo wakaletwa sokwe 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya, kati ya 1966 na 1969, na twiga na tembo nao wakaletwa. Kuna mzee kashawahi kuniambia binadamu alitolewa sokwe akaletewa boti, sikuwa na la kumjibu.

Ila kuhusu samaki, hapa nitakuwa upande wa hifadhi, usinikasirikie. Sato dume anachimba kishimo kwenye maji mafupi karibu na matete, jike anakuja kutaga, alafu anayabeba mayai mdomoni mwake mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakitishwa wanarudi kukimbilia mdomoni humohumo. Sasa kokoro likiburuzwa hapo linafuta vishimo vyote, linamzoa mama na watoto mdomoni. Ghuba za Rubondo zimetulia, hakuna kokoro, wanazaliana, na samaki hawana habari na mpaka, wakikua wanatoka kuja kwenu. Ukifungua mazalia yote ukanda ule ukayafanya ya kuvua, baada ya miaka michache utakuwa unauza dagaa tupu.

Kuhusu watalii, wanavua kwa ndoana kwa kulipia kibali, na mara nyingi samaki anarudishwa majini. Kwa hesabu za samaki tofauti ni kubwa. Kwa hesabu za moyo, mtu anayevua ili alishe watoto anafukuzwa na anayevua ili apige picha anakaribishwa chai, hapo nakubali inauma na wanaopanga haya mambo wangeenda kuyasema wenyewe mwaloni badala ya kuweka tangazo.

Cha kufanya. BMU yenu (kikundi cha usimamizi wa mwalo) iandike barua rasmi ikiomba mpaka uwekewe maboya yanayoonekana usiku na kiongozi wa BMU aoneshwe alama zake kwenye GPS, siku hizi hata simu inatosha. Kama nyavu zilikuwa halali mna haki ya kujua kesi imefikia wapi na vifaa viko wapi, fuatilieni kwa maandishi. Na mtu yeyote, narudia yeyote, akiwaambia mlipe papo hapo ili yaishe, mwambieni awape kontroli namba. Asiyekuwa nayo si serikali huyo.

Kama nyavu zenyewe zilikuwa za makila, zile haramu, basi mama, mimi na wewe tuishie hapa.

*

"Mimi mwalimu wa msingi Ilemela. Nataka kuwapeleka watoto Saanane. Ni hifadhi ya taifa kweli au bustani? Na huyo Saanane ni nani?" – Mwalimu

Kisiwa kile ni hifadhi ya taifa kweli mwalimu, tangu 2013. Ilianza 1964 kama bustani ya wanyama ya kwanza nchini. Ni ndogo, kilomita za mraba 2.18 ukichanganya na maji yake na visiwa vya Chankende, boti inatokea Capri Point na mnafika kabla watoto hawajamaliza wimbo. Watakuta swala, pimbi, na ile mijusi ya rangi inayoota jua juu ya mawe. Jina limetokana na mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi kisiwani akivua na kulima kabla serikali haijakichukua. Waambie watoto hilo la mzee kwanza, kabla ya swala. Jaketi okoa kila mtoto avae, msikubali kuambiwa zimeisha.

*

"Kaka naomba ushauri wa haraka. Mzee wetu alituachia ekari saba zinagusa ziwa, upande wa Busega. Kuna dalali anasema ana mwekezaji wa nje anataka kujenga lodge kwa sababu Serengeti iko karibu. Bei nzuri. Wadogo zangu wawili wako Mwanza mjini wanasema tuuze tugawane wanunue bodaboda. Mama hataki." – Kulwa (si jina langu)

Kulwa, mama yako yuko sahihi, na si kwa sababu ya huruma. Twende kwenye karatasi.

Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mgeni asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi hapa nchini isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hata hapo ardhi ya kijiji lazima kwanza ihaulishwe kuwa ardhi ya jumla, mchakato wenye mkutano mkuu wa kijiji, wilaya, wizara, na Rais juu kabisa. Ukishahaulisha hairudi kijijini kirahisi. Kwa hiyo dalali anayekwambia "tusaini Ijumaa" kuna mawili, ama hajui sheria ama anataka kununua kwa jina la raia mwingine kisha wamalizane wenyewe, na wewe ndo utabaki na kesi.

Pili ni mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Huo ufukwe anaouona kwenye picha za droni hawezi kujenga juu yake. Muulize kama mwekezaji wake analijua hilo, na uangalie uso.

Tatu, hizo ekari saba kisheria ni za nani? Kama hamjafungua mirathi hamna cha kuuza, na kama mama aliishi na kulima pale na mzee, ana haki yake, si mgeni aalikwe kwenye mgao. Anzeni mirathi mahakama ya mwanzo, alafu muombe hatimiliki ya kimila, andikeni majina yote ikiwemo la mama. Kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi angalieni eneo lenu limepangiwa nini. Unaweza kuta ni njia ya mifugo kwenda kunywa maji, na hapo hata ukiuza mnunuzi atagombana na kijiji kizima.

Sasa kama mnataka hela, kodisheni. Mkataba wa Kiswahili, kodi inalipwa kila mwaka, inapitiwa upya kila baada ya miaka michache, halmashauri ya kijiji iridhie, na muwe na wanasheria wawili, wenu na wao, msishee mmoja. Muweke na kipengele cha ajira kwa watu wa hapo na njia ya kwenda ziwani ibaki wazi, maana nimeshaona sehemu wanawake wanazunguka ukuta karibu kilomita nzima na ndoo kichwani kufikia maji waliyokuwa wakichota mlangoni. Na muweke cha mwisho kwamba mkataba ukiisha majengo ni ya nani. Wengi wanalisahau hilo.

Wadogo zako nawaelewa. Boda ni kazi, na kijijini ukimwambia kijana abaki lazima umwambie abaki afanye nini. Ila wafanye hesabu, boda mpya ina miaka mingapi kwenye barabara za Igoma na Kishiri kabla haijawa chuma chakavu? Kodi ya ekari tano kwa mwaka, hata ikiwa ya kawaida, wanaweza kuchukulia boda kwa mkopo na ardhi ikabaki. Na ekari mbili mwachieni mama, za ngitili na mihogo, atazitumia vizuri kuliko nyie wote watatu.

Dalali mwambie aje na barua ya mwekezaji na usajili wa kampuni, mkutane ofisi ya kijiji, mtendaji akiwepo. Kisha nijulishe alivyojibu.

*

Swali la mifugo inayokamatwa mpakani limeulizwa na watu wengi sana, hasa wafugaji wa Meatu na Bunda, na linahitaji kurasa zake, litakuja toleo lijalo. Mwenye risiti za faini alizolipa anitumie picha, afute jina lake kwanza.